Colin Chapman: mhandisi aliyeshusha Cortina, na somo la springi zake

Kijana akipata gari dogo lenye injini ya nguvu, jambo la kwanza analotamani mara nyingi ni kulishusha. Anatafuta springi fupi, kisha anatafuta spesa za kusukuma magurudumu nje mpaka yalingane na bodi. Fundi wa mtaani anaweza kuimaliza kazi hiyo kwa siku moja. Lakini swali la springi ipi na upana gani wa magurudumu liliwahi kumsumbua hata mmoja wa wahandisi wakubwa wa magari wa karne ya 20. Leo tunasimulia maisha yake. Alipata majibu mazuri, akapata na mabaya, na yote yanamfaa mwenye gari hadi sasa.

Mtoto wa mwenye hoteli

Anthony Colin Bruce Chapman alizaliwa tarehe 19 Mei 1928 huko Richmond, Uingereza. Alikulia kaskazini mwa London, ambako baba yake aliendesha hoteli iitwayo Railway Hotel katika eneo la Hornsey. Mwaka 1945 alijiunga na chuo kikuu cha University College London kusomea uhandisi wa miundo, elimu ileile inayotumika kujenga madaraja na maghorofa. Akiwa chuoni alijifunza pia kurusha ndege.

Mambo hayo mawili yalimjenga. Anayejenga daraja hujifunza kufuatilia uzito unapitia wapi na unaishia wapi. Anayerusha ndege hujifunza kwamba kila kilo isiyo na kazi ni adui.

Wakati huohuo alikuwa akinunua na kuuza magari yaliyotumika. Biashara ilikwenda vizuri mpaka mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilipofuta mgao wa petroli kwa magari ya watu binafsi. Bei zikaanguka, naye akapata hasara. Alibaki na gari moja lisilopata mnunuzi, Austin 7. Badala ya kulitupa, alilibomoa na kulijenga upya kuwa gari la mashindano. Mwaka 1948 likawa Lotus ya kwanza.

Mchumba wake, Hazel Williams, alimkopesha pauni 25, na tarehe 1 Januari 1952 kampuni ya Lotus Engineering ikaanza kazi katika banda la farasi nyuma ya hoteli ya baba yake. Wawili hao walioana mwaka 1954.

Gari jepesi, springi laini

Mwaka 1957 Chapman alitoa Lotus Seven, gari dogo la wazi ambalo wateja wengi walilinunua likiwa vipande na kuliunga wenyewe nyumbani. Mwaka huohuo alionyesha Elite, ambayo bodi yake ya faibagilasi ilibeba mzigo wote bila chesi ya chuma. Mwaka 1962 ikafuata Elan.

Hapa kuna jambo la kuwashangaza wengi. Watu hudhani gari la kasi lazima liwe na springi ngumu kama mawe. Springi za Elan zilikuwa laini. Chapman alijua kuwa tairi haliwezi kukamata barabara ikiwa liko hewani, na springi ngumu hulirusha tairi hewani kila linapogonga shimo. Kwa hiyo alipunguza uzito wa gari kwanza. Kisha akaweka springi laini, na kazi ya kutuliza mtikisiko akaiachia shokapu nzuri. Alihakikisha pia kwamba gurudumu linapanda na kushuka bila kupinda vibaya. Gari lililala barabarani, na dereva hakuumia mgongo.

Ford wabisha hodi

Kampuni ya Ford ilikuwa na gari jipya la familia, Cortina, lenye milango, buti na viti vya kawaida. Walitaka lishinde mashindano ya magari ya aina hiyo. Kanuni zilidai yatengenezwe magari 1,000 ya namna hiyo ya kuuzwa kwa wananchi. Ford wakamwendea Chapman.

Lotus Cortina ilitangazwa Januari 1963. Ilikuwa nyeupe yenye mstari wa kijani ubavuni. Ndani yake mlikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,558 yenye nguvu za farasi 105. Milango, boneti na mfuniko wa buti vilikuwa vya aluminiamu. Betri ilihamishiwa nyuma ili uzito ugawanyike vizuri.

Kisha ukaja ule ujanja ambao vijana wanaupenda leo. Mbele, Chapman aliweka nguzo fupi za springi na shokapu ili gari likae chini. Rimu zilikuwa pana zaidi, inchi 5.5, ili matairi yashike ardhi kwa nafasi kubwa. Nyuma aliondoa springi za vipande bapa vilivyolaliana, akaweka springi za mzunguko zenye shokapu ndani yake. Ekseli aliishikilia kwa mkono wa chuma wenye umbo la herufi A, uliofungwa chini ya difu.

Katika kiwanja cha mashindano gari hilo lilikuwa moto. Mwaka 1964 Jim Clark, dereva kutoka Scotland, alichukua nalo ubingwa wa Uingereza wa magari ya kawaida. Picha za wakati ule zinamwonyesha akipiga kona huku tairi moja la mbele likiwa juu hewani. Sehemu ya mbele ilikuwa imekazwa kuliko ya nyuma, hivyo tairi la mbele la upande wa ndani ndilo lililonyanyuka. Mawili ya nyuma, yanayosukuma gari, yalibaki chini yakifanya kazi.

Barabara yatoa hukumu yake

Wanunuzi wa kawaida waliona upande mwingine. Ule mkono wa herufi A ulikaza difu kwa nguvu ambazo ganda lake halikuundwa kuzibeba. Difu zilivuja mafuta. Mafuta yakadondokea kwenye bushi za mpira, bushi zikalainika, na ekseli ikaanza kucheza. Katikati ya mwaka 1965 mpango wote wa nyuma uliondolewa, na springi za vipande bapa za Cortina GT zikarudishwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Mwaka 1964, mwaka uleule Clark alipotamba na Lotus Cortina kwenye lami ya Uingereza, mbio za East African Safari zilishindwa na Peter Hughes na Bill Young wakiwa na Ford Cortina GT, ile yenye springi za vipande bapa nyuma. Matope, mawe na makorongo yalitaka uimara na nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka. Magari mawili yalitoka familia moja, kila moja likashinda kwenye barabara iliyolifaa.

Bei ya wepesi

Katika mashindano ya Formula One, Chapman alibadilisha karibu kila kitu. Lotus 25 ya mwaka 1962 ilijengwa kama ganda badala ya fremu ya mabomba. Clark akawa bingwa wa dunia mwaka 1963 na 1965. Mwaka huo wa 1965 alishinda pia mbio za Indianapolis 500 huko Marekani.

Lakini wepesi ulidai malipo. Tarehe 7 Aprili 1968 Clark alifariki kwenye mbio za Hockenheim, Ujerumani. Inaaminika tairi lilipoteza upepo. Mwaka 1969, huko Barcelona, mabawa marefu ya magari mawili ya Lotus yalivunjika katika mbio moja. Mmoja wa madereva hao, Jochen Rindt, alimwandikia Chapman kumlalamikia kwamba magari yake yalikuwa mepesi kupita kiasi. Tarehe 5 Septemba 1970 Rindt alifariki Monza, Italia, baada ya shafti ya breki ya mbele kukatika. Pointi alizokuwa amekusanya zilitosha, akatangazwa bingwa wa dunia akiwa kaburini.

Hatuwezi kuyasimulia maisha ya Chapman tukaruka makaburi haya. Kifaa kilichopunguzwa unene hubeba mzigo mpaka siku kinapokataa, na siku hiyo anayeketi nyuma ya usukani siye aliyekichora.

Chini zaidi, ngumu zaidi

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Chapman na wahandisi wake waligundua kuwa tumbo la gari likichongwa kama bawa la ndege lililogeuzwa, hewa inayopita chini huvuta gari kuelekea ardhini. Mario Andretti alichukua ubingwa wa dunia kwa njia hiyo mwaka 1978.

Tatizo lilikuwa kwenye springi. Gari likiyumba juu na chini, mvuto ule hupotea. Hivyo springi zilifanywa ngumu sana, madereva wakatikiswa vibaya. Mwaka 1981 Chapman alileta Lotus 88, yenye miili miwili: mmoja kwenye springi ngumu kwa ajili ya hewa, mwingine kwenye springi laini kwa ajili ya dereva. Wapinzani walilalamika, na gari hilo halikuruhusiwa kushindana hata mara moja.

Chapman alifariki kwa mshtuko wa moyo tarehe 16 Desemba 1982, akiwa na miaka 54. Timu yake ilikuwa imetwaa mataji saba ya dunia ya watengenezaji. Baada ya kifo chake jina lake lilitajwa mahakamani katika kashfa ya fedha zilizopotea za kampuni ya magari ya DeLorean, na mwaka 1992 aliyekuwa msimamizi wake wa fedha alifungwa.

Ukitaka kushusha gari lako

Tuchukue yanayotufaa kutoka kwa mhandisi huyu.

Kwanza, angalia barabara yako. Gari likishuka, kitovu cha uzito nacho hushuka, na kona hupigika vizuri zaidi. Lakini nafasi ya gurudumu kupanda hupungua. Kama unaishi kwenye njia ya vumbi yenye mashimo na matuta, kushusha sana kutakufikisha kwenye sampu ya oili iliyopasuka.

Pili, springi fupi huhitaji shokapu inayolingana nayo. Shokapu ya kawaida ikifungwa springi fupi na ngumu hufa mapema. Usikate springi, wala usiipashe moto ili ilale. Iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake gurudumu linaponing'inia, na iliyopashwa moto hupoteza nguvu ya chuma chake.

Tatu, usizidishe. Kwenye magari yenye nguzo za mbele kama za Cortina, ukishusha mno mikono ya chini hubadili pembe, na gari linaweza kulala kwenye kona kuliko lilivyokuwa mwanzo.

Nne, spesa. Spesa ya milimita 20 kila upande hupanua gari kwa milimita 40. Hapohapo huongeza mzigo kwenye beringi na kubadili hisia ya usukani. Chagua spesa inayokaa barabara kwenye kitovu cha habu, si inayoning'inia kwenye stadi pekee. Nati lazima iingie kwenye nyuzi za stadi kwa urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe. Stadi ya milimita 12 inataka milimita 12 za nyuzi, ambayo ni mizunguko 8 kamili kwa nyuzi za milimita 1.5. Ikipungua hapo, badilisha stadi ziwe ndefu au acha spesa.

Tano, baada ya kazi, pakia watu wanne, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili, uone kama tairi linagusa bodi. Kisha piga alaimenti, rekebisha taa za mbele, na ukaze nati tena baada ya kilomita chache.

Chapman mwenyewe, pamoja na elimu yake yote, alilazimika kurudisha springi za zamani nyuma ya Cortina. Kwa hiyo zile ulizozitoa kwenye gari lako usiziuze. Ziweke stoo mpaka msimu mmoja wa mvua upite.