Juan Manuel Fangio: mataji 5, ekipe 4, na ulizo la kila mwisho wa mwaka

Kila mwaka, mbio za Formula 1 zikimalizika, maneno ndiyo yanaanza: nani anaondoka, nani anachukua nafasi yake, nani ameonekana akiongea na mkubwa wa ekipe nyingine. Wapenzi wa kabumbu kwetu Kongo wanaijua hali hiyo kwa jina la mercato. Tarehe 1 mwezi wa 2, 2024, iliposikika kwamba Lewis Hamilton ataacha Mercedes na kwenda Ferrari, dunia nzima ya magari ilishituka. Lakini kuna dereva aliyepita njia hiyo hiyo, kutoka Mercedes kwenda Ferrari, karibu miaka 70 kabla yake. Alikuwa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akawa bingwa tena.

Huyo ni Juan Manuel Fangio wa Argentina. Kuna wanaomsifu na kuna wanaomsema vibaya kwa jambo moja: alihama mara nyingi. Wanaomsema vibaya wanadai kwamba alifuata tu gari lenye nguvu, na kwamba mtu yeyote angeshinda kwa magari yale. Ukiyafuata maisha yake mwaka kwa mwaka, unaona jambo lingine. Mara nyingi siyo yeye aliyeiacha ekipe. Ekipe ndiyo iliyomuacha.

Alizaliwa tarehe 24 mwezi wa 6, 1911, huko Balcarce, mji mdogo wa wakulima wa viazi katika jimbo la Buenos Aires. Wazazi wake walikuwa Waitalia waliohamia Argentina kutafuta maisha. Baba alikuwa mjenzi. Mtoto aliacha masomo mapema akaingia garaji kama fundi mwanafunzi, na huko ndiko alikosomea kila kitu alichokuja kukitumia baadaye. Katika kiwanja cha mpira marafiki walimpa jina la El Chueco, yaani mwenye matege, kwa ajili ya miguu yake iliyopinda. Jina hilo lilimfuata mpaka kaburini.

Alipotoka jeshini alifungua garaji yake pamoja na marafiki. Mashindano yake ya kwanza, mwaka wa 1936, aliyafanya ndani ya Ford iliyokuwa teksi, na alijiandikisha kwa jina la uongo. Wakati ule mbio za Argentina hazikuwa za kuzunguka kiwanja kwa saa mbili. Zilikuwa safari za siku nyingi katika barabara za vumbi, mawe na milima, na dereva alikuwa pia fundi wa gari lake. Mwaka wa 1940 alishinda mbio za kutoka Buenos Aires mpaka Lima, inchini Peru, na kurudi, zaidi ya kilomita 9.000, akiendesha Chevrolet. Mtu aliyetengeneza gari peke yake usiku, kwenye baridi ya milima ya Andes, hasahau kamwe kusikiliza sauti ya moteri.

Kisha vita ya dunia ilikuja na kumpotezea miaka. Na mwaka wa 1948, katika mbio za kutoka Buenos Aires mpaka Caracas, gari lake lilianguka inchini Peru, na rafiki yake aliyekaa pembeni yake, Daniel Urrutia, alikufa. Fangio alifikiri kuacha kabisa. Hakuacha. Mwaka wa 1949 alikwenda Ulaya akisaidiwa na shirika la magari la Argentina na serikali ya raisi Juan Perón, akashinda mbio nyingi mpaka wakubwa wa Italia wakaanza kumuuliza anataka nini.

Alitaka Alfa Romeo. Inasimuliwa kwamba alitia sahihi mkataba bila kuangalia kiasi cha feza. Ubingwa wa dunia wa Formula 1 ulianza mwaka huo, 1950, naye alikuwa karibu kufikisha miaka 39, umri ambao madereva wengi wa leo wamekwisha kustaafu. Alishinda Grand Prix 3, mwenzake wa ekipe Giuseppe Farina naye 3, na Farina akatwaa ubingwa kwa pointi 30 dhidi ya 27. Mwaka wa 1951 zamu ilikuwa ya Fangio. Taji liliamuliwa Barcelona, mbio za mwisho, ambapo Ferrari walichagua matairi yasiyofaa nayo yakaharibika mapema. Alberto Ascari, Mwitalia wa Ferrari, alipoteza. Fangio akawa bingwa.

Na hapo hapo ekipe yake ikafunga mlango. Alfa Romeo haikuwa na feza ya kutengeneza gari jipya, ikajiondoa. Bingwa wa dunia alibaki bila gari.

Mwaka wa 1952 ndio unaoonyesha dereva asiye na ekipe ya kudumu anavyoweza kuangamia. Fangio alikuwa amekubaliana na Maserati, lakini aliendesha pia gari la Waingereza, BRM. Siku ya posho alishindana Ireland ya Kaskazini. Kesho yake, siku ya Mungu, alipaswa kuwa Monza, Italia, kwa mbio za Maserati. Alikosa ndege, hali ya hewa ikawa mbaya, naye akasafiri usiku kucha kwa barabara kutoka Ufaransa akikatisha milima ya Alpes. Alifika kama nusu saa kabla ya kuanza, hajalala, akaingia ndani ya gari akiwa wa mwisho kwenye mstari. Mzunguko wa pili gari lilimtupa inje. Mfupa wa shingo ulivunjika. Mwaka wote uliobaki aliupitisha akijiuguza, na Ascari akatwaa ubingwa akiwa na Ferrari. Toka siku ile, akitaka kutazama pembeni, Fangio aligeuza mwili pamoja na shingo.

Alirudi mwaka wa 1953 na Maserati. Ascari akashinda tena ubingwa, Fangio wa pili. Baada ya hapo ikaja mercato ambayo ningeitaja kwa kila mtu anayedhani kuhama ni bahati nasibu.

Mabingwa wawili walikuwa sokoni. Ascari, mwenye mataji mawili mfululizo, aliondoka Ferrari akaenda Lancia, iliyomuahidi gari la ajabu. Fangio alisikilizana na Mercedes, iliyokuwa inarudi baada ya vita. Magari yote mawili yalikuwa bado kwenye karatasi na katika karakana. Tofauti ni kwamba Fangio hakungoja akiwa amekaa. Kwa kuwa Mercedes haikuwa tayari, alianza mwaka wa 1954 na Maserati, akashinda Argentina na Ubelgiji. Mercedes ilitoka karakana kwa Grand Prix ya Ufaransa, huko Reims, tarehe 4 mwezi wa 7, siku ile ile ambapo Ujerumani ya Magharibi ilichukua Kombe la Dunia la kabumbu kule Bern. Fangio alishinda, na mwenzake Karl Kling akawa wa pili. Ascari, bingwa wa dunia, aliazimwa gari hapa na pale. Lancia yake iliingia mashindanoni mwezi wa 10 tu, mbio za mwisho za mwaka, wakati ubingwa ulikuwa umekwisha. Gari lilikuwa kweli la ajabu, lakini mwaka ulikuwa umepita. Mwezi wa 5, 1955, Ascari alikufa Monza akijaribu gari lingine, la Ferrari.

Fangio alikuwa bingwa wa 1954 kwa ekipe mbili ndani ya mwaka mmoja. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo mpaka leo. Lakini tusidhani alifurahi tu. Huko Nürburgring, Ujerumani, kijana wa kwao aliyemlea katika kazi hiyo, Onofre Marimón, alikufa wakati wa majaribio. Fangio alikimbia mbio zile akiwa na majonzi, na akashinda.

Mwaka wa 1955 akiwa na Mercedes, pembeni ya kijana Mwingereza Stirling Moss, aliongeza taji la tatu. Lakini mwezi wa 6 walikuwa Le Mans, katika mbio za saa 24. Gari la Mercedes la Mfaransa Pierre Levegh liligonga lingine, likaruka na kuanguka katikati ya watazamaji. Watu zaidi ya 80 walikufa. Fangio alikuwa nyuma ya Levegh kidogo tu, akapita katikati ya moshi na vyuma bila kuguswa. Mashindano kadhaa ya mwaka huo yalifutwa, na mwaka ulipoisha Mercedes iliondoka. Kwa mara ya pili, bingwa hakuwa na ekipe.

Inchini kwake pia mambo yalikuwa yamegeuka, maana jeshi lilimuangusha Perón mwezi wa 9 mwaka ule ule. Fangio alikuwa amefikisha miaka 44. Alitia sahihi na Ferrari, na hii ndiyo hama-hama pekee aliyoijutia. Enzo Ferrari alipenda jina la gari litangulie jina la dereva. Fangio kwa upande wake aliamini gari linashinda pale fundi na dereva wanapojuana. Zamani alikuwa na desturi ya kuwagawia mafundi sehemu ya feza za ushindi. Pale Ferrari mafundi walizunguka kutoka gari moja mpaka lingine, na gari lake lilikufa moteri mara kwa mara mpaka alipodai apewe fundi wake mwenyewe. Toka hapo akashinda Uingereza na Ujerumani.

Mbio za mwisho, Monza, mwezi wa 9, 1956: usukani wa gari lake ulivunjika. Sheria za wakati ule ziliruhusu madereva wawili kugawana gari moja na pointi zake. Peter Collins, Mwingereza wa miaka 24 wa Ferrari hiyo hiyo, aliyekuwa bado na nafasi ya kuwa bingwa, alisimama akashuka, akampa Fangio gari lake. Hakuna aliyemlazimisha. Fangio alimaliza wa pili na kupata taji la nne. Collins hakuwa bingwa kamwe. Alikufa miaka miwili baadaye Nürburgring. Wanaosema kwamba zamani madereva walikuwa watu wa aina nyingine wanatoa mfano huo, na ni vigumu kuwabishia.

Ubingwa ule haukutosha kumfanya abaki. Alirudi Maserati kwa mwaka wa 1957, na huko akafanya kile kinachozungumzwa zaidi kuliko yote. Tarehe 4 mwezi wa 8, Nürburgring, kilomita 22 na zaidi kwa kila mzunguko, mizunguko 22. Aliamua kuanza na mafuta nusu ili gari liwe jepesi, kisha asimame katikati kuongeza mafuta na kubadilisha matairi. Alipata faida karibu nusu dakika, lakini mafundi walichelewa, akatoka akiwa nyuma ya Mike Hawthorn na Collins kwa sekunde karibu 50. Mtu wa miaka 46 akaanza kuvunja rekodi ya kiwanja mzunguko baada ya mzunguko. Mzunguko wake bora ulikuwa wa dakika 9 na sekunde 17,4, sekunde 8 chini ya ule aliopata katika majaribio ya kupanga mstari. Aliwapita wote wawili kwenye mzunguko wa kabla ya mwisho, akashinda kwa sekunde 3,6. Hilo ndilo lililokuwa taji la tano, na ushindi wake wa mwisho katika Grand Prix za ubingwa wa dunia.

Maserati nayo, ikilemewa na madeni, ilifunga ekipe yake mwisho wa mwaka huo. Mara ya tatu.

Mwezi wa 2, 1958, alipokuwa Havana kwa mashindano, wapiganaji wa Fidel Castro walimteka katika hoteli ili kuiaibisha serikali ya Batista. Walimtendea vizuri na kumuachilia baada ya siku moja na kitu. Mbio zilifanyika bila yeye, na gari moja likaua watazamaji kadhaa. Mwezi wa 7, Reims, fasi alipoanzia kazi Ulaya miaka 10 nyuma, alimaliza wa nne, akashuka akaaga. Siku ile Luigi Musso, aliyekuwa mwenzake wa Ferrari, alikufa katika mbio zile zile.

Hesabu yake ni hii: Grand Prix 51 za ubingwa wa dunia, ushindi 24, mataji 5 na Alfa Romeo, Mercedes, Ferrari na Maserati. Mataji 5 yalipitwa na Michael Schumacher mwaka wa 2003. Lakini katika ekipe 4 tofauti, hakuna dereva mwingine aliyefikia hata 3. Hamilton mwenye mataji 7 aliyapata katika ekipe 2, McLaren na Mercedes.

Baadaye Fangio alikuwa raisi wa Mercedes-Benz ya Argentina. Hakuoa. Mwaka wa 2015 mwili wake ulifukuliwa kwa kipimo cha damu ya ukoo, na ikathibitika kwamba aliacha watoto wa kiume ambao hakuwatambua alipokuwa hai. Alikufa Buenos Aires tarehe 17 mwezi wa 7, 1995, akiwa na miaka 84, na kuzikwa Balcarce. Huko kuna jumba la makumbusho lenye jina lake, lililofunguliwa mwaka wa 1986, na ndani yake magari yake yamepangwa pamoja, ya ekipe mbalimbali, chini ya paa moja.