SHAABAN ROBERT: KARANI ALIYESEMA KWELI KWA MAFUMBO



Kila mwaka, ekzame ikikaribia, tunaona wenzetu wanazunguka uwanja wa masomo na kaye mkononi, wanakariri: tashbihi, istiara, tashihisi, takriri. Mwalimu wa Kifaransa ana orodha yake, mwalimu wa Kiingereza vilevile. Siku ya kuandika tunaandika yote, kesho yake tumesahau. Halafu tunaulizana: hivi vyote ni vya kazi gani? Juu ya swali hilo njo tumechagua safari hii kuwaletea maisha ya mtu mmoja wa pwani. Hakuwa mwalimu wa darasa, lakini maisha yake yanatujibu.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga, katika inchi inayoitwa leo Tanzania. Ukoo wake ulikuwa wa Wayao, watu ambao asili yao ni mbali na Tanga, upande wa kusini. Tulishike neno hili, tutalirudilia.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akapata cheti chake. Universite hakuingia hata siku moja. Mwaka ule ule wa 1926 serikali ya Waingereza ilimwandika kazi ya karani wa forodha, sisi tunasema duane. Alifanya kazi ile hadi 1944. Kisha alihamishwa kwenye idara ya wanyama, halafu akarudi Tanga kwenye biro ya wilaya, na mwisho kwenye biro ya upimaji wa ardhi. Kwa hiyo karibu maisha yake yote alikaa mbele ya meza ya mtu mwingine, akinakili hesabu na barua za wakubwa.

Lakini kalamu ile ile ya kazi ilikuwa na kazi nyingine. Alianza na mashairi katika magazeti. Mkewe Amina alipofariki, alimtungia shairi la maombolezo ambalo watu wanalisoma hata leo. Akabaki na watoto, na kwa ajili yao alitunga tenzi mbili za maonyo, moja kwa binti yake na moja kwa mwana wake. Hakuwa na mali ya kuwaachia, akawaachia maneno. Vita vya 1939 hadi 1945 navyo alivitungia utenzi mrefu.

Sasa tufike kwenye swali letu. Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake Kusadikika. Kusadikika ni inchi inayoelea hewani. Kijana mmoja, jina lake Karama, anashitakiwa mbele ya mfalme na waziri mkuu, jina lake Majivuno. Kosa la Karama ni nini? Alianza kufundisha watu elimu ya sheria. Basi! Anapewa siku sita za kujitetea. Kila siku anasimulia habari ya mjumbe mmoja aliyetumwa mbali kutafuta mema kwa ajili ya inchi, akayaleta, na badala ya asante akatiwa gerezani. Wajumbe sita, gereza sita. Mwishoni Karama anaachiliwa, na wale wajumbe vilevile.

Wandugu, mtu aliyeandika hayo alikuwa karani anayelipwa mshahara na serikali ya wakoloni. Angeandika wazi kwamba wakubwa wanaogopa mwananchi anayejua sheria, nani angekichapa? Na yeye mwenyewe angeamkia wapi? Ndani ya kitabu hakuna Mwingereza, hakuna Tanganyika, kuna inchi ya hewani tu. Mkubwa anasoma, anacheka ujinga wa Majivuno, na mwananchi aliye karibu naye anaelewa vingine kabisa. Hiyo njo istiara. Si ua la kupamba nyumba. Ni mlango wa nyuma, kweli inapita pale wakati mlango wa mbele umefungwa.

Sisi tunaosoma Biblia tusishangae. Nabii Natani alipotaka kumwonya mfalme Daudi, hakuanza kwa kumshitaki. Alimpa hadithi ya tajiri aliyenyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi alikasirika, akatoa hukumu, kumbe anajihukumu mwenyewe. Na katika masomo ya Kiingereza kuna John Bunyan, mhubiri aliyefungwa gerezani Bedford miaka kumi na miwili kwa sababu ya kuhubiri bila ruhusa. Mwaka 1678 kilitoka kitabu chake cha safari ya Mkristo, na mule kila mtu anabeba tabia yake ndani ya jina lake. Shaaban Robert vilevile: katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Msomaji hangoji kurasa kumi kujua watu hao ni wa namna gani.

Tena hakuogopa lugha za wengine. Mashairi ya Omar Khayyam, Mwajemi wa zamani sana, yalikuwa yamegeuzwa katika Kiingereza na FitzGerald mwaka 1859. Yeye aliyachukua pale, akayaleta katika Kiswahili. Mwaka 1954 alitoa Kielezo cha Insha, kitabu cha kuonyesha ginsi insha inavyoandikwa. Kilichapwa Johannesburg. Alipata nishani ya M.B.E. na zawadi ya Margaret Wrong. Lakini vitabu vyake vingine, kama Utubora Mkulima, vilichapwa yeye akiwa kaburini.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi wa sita 1962 Shaaban Robert akafariki, na umri wa miaka 53. Inchi ya huru aliiona miezi sita tu.

Sasa lile neno tulilosema tulishike. Sisi wa Lubumbashi wazazi wetu walitoka Kasai, Luapula, Maniema na kwingine, na Kiswahili chetu kilikua katika kambi za wafanyakazi, sokoni na kanisani. Watu wa pwani wakitusikia wanacheka, na sisi wenyewe tunaona haya, tunadhani literature ni ya Wafaransa na Waingereza. Lakini yule anayeitwa bingwa wa Kiswahili alikuwa mwana wa ukoo wa Wayao. Lugha haikuuliza ukoo wake, iliangalia kazi yake tu.

Yeye alikuwa Mwislamu, sisi ni Waprotestanti. Hilo halituzuii kujifunza kwake bidii, na uaminifu kwa kweli.

Kwa hiyo, ukikutana tena na istiara katika kaye yako, usikariri tu jina lake. Uliza mwandishi alitaka kusema nini, na nani alikuwa anamzuia. Halafu shika bic, ujaribu mwenyewe. Gazeti letu linangoja.