Papa Simon Kimbangu, Mtu wa Maombi



Siku hizi katika mji wetu tunasikia maombi yenye makelele mengi. Mtu anashika mikro, sauti inafika mpaka lupango la jirani, na kesho yake anataka kujua ni wangapi waliomsikia. Hatuandiki hivi kwa kumhukumu mtu. Lakini tumeona ni vema kuwakumbusha maisha ya Papa Simon Kimbangu, maana alikaa miaka 30 hapa hapa kwetu Lubumbashi, na vijana wengi wa Kenya hawalijui jambo hilo.

Alizaliwa mwaka 1887 kijijini Nkamba, katika Kongo ya Chini. Mwaka 1915 alibatizwa pamoja na mke wake, Mama Marie Muilu, kwenye misioni ya Wabatisti wa Uingereza huko Ngombe Lutete. Karibu na mwaka 1918, wakati homa kubwa ilipoua watu wengi, alianza kusikia Mungu akimwita. Hakufurahi hata kidogo. Inasimuliwa kwamba alijibu kuwa yeye hakusoma sana, na kwamba wako wachungaji na walimu wanaofaa kuliko yeye. Akakimbilia Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville, akatafuta kazi ya mikono. Tuwaze sana juu ya jambo hilo, sisi tunaogombania viti vya mbele kanisani.

Tarehe 6 Aprili 1921, huko Ngombe-Kinsuka, aliingia katika nyumba ya mama mgonjwa aitwaye Nkiantondo, akamwekea mikono, akaomba kwa jina la Yesu. Waamini wanashuhudia kwamba mama huyo alipona. Basi watu wakaja Nkamba kwa maelfu, wakaacha kazi za Wazungu, hata vitanda vya hospitali za misioni vikabaki wazi. Papa Simon aliwaambia watupe dawa za uchawi, kila mume awe na mke mmoja, na waache michezo michafu.

Serikali ya Wabeleji iliogopa. Tarehe 6 Juni askari walikuja kumkamata, akawaponyoka. Alijificha miezi mitatu, kisha tarehe 12 Septemba akarudi mwenyewe Nkamba na kujitoa mikononi mwao, bila vita. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu fimbo 120 na kuuawa. Hakuwa na mtu wa kumtetea. Mfalme Albert aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na ndipo akaletwa Elisabethville, mbali na kwao zaidi ya kilomita 1500. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na miaka 7, wa mwisho miaka 3.

Hapa ndipo sisi tunapenda kusimama kidogo. Mtu aliyeombea wagonjwa mbele ya maelfu aliomba huko Nkamba kwa miezi michache tu. Miaka 30 iliyobaki hapakuwa na umati wa kumsikia, na mlango wa boloko haukufunguliwa. Tunajua watu hapa Kenya wanaohama kanisa kwa sababu wameomba kazi miezi mitatu na hawakupata. Yeye hakumkana Bwana wake. Na kule Nkamba Mama Marie Muilu alishika waamini kwa siri, wakiomba usiku kwa sauti ndogo, maana aliyekamatwa alihamishwa mbali.

Papa Simon alifariki hapa mjini tarehe 12 Oktoba 1951, akiwa bado mfungwa. Mama Muilu alifariki Aprili 1959, na tarehe 24 Desemba mwaka ule ule serikali ililitambua kanisa lililokuwa likifichwa. Mwaka 1960 mwili wake ulitolewa Elisabethville, ukarudishwa Nkamba. Mpaka leo anayeingia pale kuomba, awe mkubwa au mtoto, anavua viatu kwanza.