Grogan: Mlowezi aliyeifunika Taveta kwa mkonge

JUU ya kilima karibu na mji wa Taveta limesimama jumba linalojulikana kama kasri la Grogan. Lilijengwa katika miaka ya 1930 na Ewart Scott Grogan, mlowezi kutoka Uingereza ambaye mashamba yake ya mkonge ya Jipe na Ziwani yaliyabadilisha maisha ya watu wa sehemu hiyo.

Grogan alizaliwa mwaka wa 1874. Alipata sifa angali kijana kwa safari ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, aliyoikamilisha mwaka wa 1900. Inasimuliwa kuwa aliifunga safari hiyo ili akubaliwe na mlezi wa Gertrude Watt, msichana aliyetaka kumwoa. Walioana, na mwaka wa 1904 wakahamia nchi ambayo sasa ni Kenya.

Jina lake lilitiwa doa Machi 1907, alipowacharaza viboko wavuta rikisho Waafrika hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Alifungwa mwezi mmoja.

Mkonge alioupanda Taveta asili yake ni Mexico. Dkt Richard Hindorf, Mjerumani, ndiye aliyeuleta Tanganyika mwaka wa 1893, ukaenea hadi Voi na Mwatate.

Mmea huo hustahimili kiangazi kwa sababu jani lake limefunikwa na nta ya asili, ambayo kwa sehemu kubwa ni muungano wa asidi za mafuta na alkoholi zenye minyororo mirefu ya kaboni. Nta hiyo ni jamaa ya ile inayotoka kwenye ngozi ya kondoo, ambayo ikisafishwa huwa lanolini ya kutengenezea mafuta ya kujipaka. Ya kondoo huikinga sufu isilowe mvua. Ya mkonge huzuia maji ya jani yasipotee juani.

Hata hivyo, wenye mashamba walifuata nyuzi tu, ambazo ni takriban asilimia 4 ya uzito wa jani. Nta na majimaji vilitupwa pamoja na makapi. Katika miaka ya 1950 wanakemia wa Uingereza walibaini kuwa majimaji hayo yana hekojenini, inayoweza kugeuzwa kuwa kotisoni, dawa ya kutuliza baridi yabisi. Kumbe sehemu ya utajiri wa jani ilikuwa katika kile kilichomwagwa.

Gertrude alifariki mwaka wa 1943, na mumewe akaanzisha hospitali ya watoto jijini Nairobi yenye jina lake. Grogan mwenyewe alifariki mwaka wa 1967 mjini Cape Town, akiwa na umri wa miaka 92.

Mashamba yake yaliingia mikononi mwa wengine, lakini kilio cha ardhi hakikuzikwa naye. Miongo mingi baada ya uhuru, familia nyingi za Taveta zimeendelea kuishi kama maskwota kandokando ya mashamba makubwa, zikidai hatimiliki za ardhi ambayo zinaamini ni ya mababu zao.