Nani Aliyesema La Guinea?

Mtu wa Mwanza akilisikia jina la Sékou Touré hufikiri kwanza hospitali. Wachache hukumbuka kwamba mwenye jina hilo aliwahi kuwa karani wa posta, na kwamba mnamo Septemba 1958 nchi yake, peke yake katika makoloni yote ya Ufaransa yaliyopigishwa kura siku moja, ilikataa kubaki chini ya bendera ya Wafaransa. Kwa desturi habari hiyo husimuliwa kana kwamba mtu mmoja alisimama akasema La, na taifa zima likamfuata nyuma. Sisi hatuikubali simulizi hiyo. Twataka kuyaeleza maisha yake huku tukiwaweka mahali pao wale waliomtangulia siku zile, na kuonyesha yaliyowapata baadaye mikononi mwake.

Ahmed Sékou Touré alizaliwa Faranah, kwenye mto Niger wa juu, mwaka 1922, katika nyumba ya Kiislamu isiyokuwa na mali. Alijihesabu kuwa kitukuu cha Samori Touré, yule aliyepigana na Wafaransa miaka mingi hata wakamkamata Septemba 1898 na kumpeleka Gabon alikofia. Wako wanaoutilia shaka ukoo huo, lakini katika siasa jina lile lilimfaa kuliko hati yo yote ya shule. Shule yenyewe hakuimaliza. Alifukuzwa Conakry baada ya wanafunzi kugomea chakula. Mwaka 1941 akaingia posta, na mwaka 1945 akawa miongoni mwa walioanzisha chama cha wafanya kazi wa posta.

Kilichomfanya kuwa mtu mkubwa ni mgomo wa mwaka 1953. Sheria mpya ya kazi ilikuwa imepunguza saa za juma kutoka 48 hadi 40, na matajiri wakaona hapo nafasi njema ya kupunguza mshahara pia. Hesabu ya mfanya kazi ilikuwa nyepesi: kama mtu apate kwa saa 40 kile alichopata kwa saa 48, basi malipo ya saa moja hayana budi kuongezwa asilimia 20. Wakoloni na makampuni wakakataa. Mgomo ukaanza tarehe 21 Septemba, ukaendelea hata tarehe 25 Novemba. Zaidi ya miezi miwili bila mshahara! Haukuvunjika, kwa sababu wakulima walileta mchele, na wanawake wa sokoni waliwalisha wagomaji na watoto wao. Tangu siku hizo chama cha siasa alichokiongoza Touré, yaani Chama cha Demokrasia cha Guinea, kilikuwa na tawi katika kila mtaa, na mwanamke ndiye nguzo ya tawi. M'Balia Camara, aliyeuawa mwaka 1955 huko Tondon katika ugomvi na chifu wa serikali, alikuwa mmoja wao. Mwisho wa mwaka 1957 serikali ya ndani, ambayo chama kilikuwa kimeshika viti 56 kati ya 60 vya baraza lake, iliufuta uchifu wa namna hiyo.

Ikafika saa ya kura. Jenerali de Gaulle, aliyerudishwa madarakani na vita vya Algeria, alitunga katiba mpya na kuliuliza kila koloni neno moja. Likisema Ndiyo, litakuwa na serikali yake ya ndani, lakini ulinzi, mambo ya nje na sarafu vitakuwa mambo ya Jumuiya, ambayo Rais wake ni Rais wa Ufaransa. Likisema La, litajitegemea tangu siku ile.

Yafaa ijulikane kwamba Bwana Touré hakuwa mtu wa kujitenga. Alilotaka ni kwamba makoloni ya Afrika ya Magharibi yaungane yenyewe kwanza, kisha yashirikiane na Ufaransa kwa usawa, na haki ya kutoka iandikwe katika katiba. Hata hotuba aliyoitoa mbele ya Jenerali mjini Conakry tarehe 25 Agosti 1958, ambayo iliwakera sana Wafaransa, bado ilikuwa yadai katiba irekebishwe. Haikuwa ya kuagana. Jenerali akamjibu kwa ubaridi kwamba Guinea ina ruhusa ya kukataa, na Ufaransa haitaizuia, lakini matokeo itayaona.

Siku zile kiongozi akipima maneno, wengine walikwisha kuyasema. Wanafunzi walisema La. Walimu, wakiongozwa na Koumandian Keita, walisema La. Shirikisho la vyama vya wafanya kazi, ambalo Touré mwenyewe alikuwa mkuu wake, lilikata shauri hilo Bamako siku chache kabla ya chama. Hata mpinzani wake wa zamani, Barry III, akawa upande ule ule. Tarehe 14 Septemba wajumbe wa matawi walipokutana, Touré alitangaza La, na aliitangaza kwa ufasaha ambao hakuna aliyeuweza kama yeye. Lakini kutangaza si kuanzisha.

Tarehe 28 Septemba watu 1,136,324 walisema La, na 56,981 wakasema Ndiyo. Tarehe 2 Oktoba Guinea ikawa jamhuri. Huko Niger Djibo Bakary, naye mtu wa vyama vya wafanya kazi, aliipigania La hiyo hiyo akashindwa. Machifu na watawala wa Kifaransa walikuwa kinyume chake, na chama chake hakikuwa na mizizi vijijini. Touré hakumzidi Bakary ushujaa. Alimzidi wanachama.

Wafaransa walilipa kisasi upesi. Waliwaondoa maofisa wao karibu wote, wakakata misaada, wakachukua vyombo na majalada ya ofisi. Ghana ikaahidi mkopo wa pauni milioni 10. Guinea ilipotoa sarafu yake mwaka 1960, majasusi wa Ufaransa walitengeneza noti za bandia ili kuivuruga, jambo ambalo baadhi yao walilisimulia wenyewe baadaye.

Wako wasemao kwamba taabu hiyo ilikuwa ya bure, maana waliosema Ndiyo nao walipata uhuru mwaka 1960, tena bila kung'olewa simu ukutani. Hoja hiyo yafaa kujibiwa wala si kudharauliwa. Katiba ya 1958 haikumpa aliyesema Ndiyo njia ya kuwa huru na kubaki katika Jumuiya. Njia hiyo iliwekwa mwaka 1960 kwa kuirekebisha, baada ya Guinea kusimama karibu miaka miwili bila kuanguka na kukaa katika Umoja wa Mataifa kama nchi nyingine. Aliyeingia kwa mlango wazi asimcheke aliyeusukuma kwa bega.

Kilichoiharibu Guinea si kura ile. Kiliiharibu jambo jingine, nalo twaliona mapema sana, Novemba 1961. Walimu waliandika waraka kulalamikia mishahara yao. Mgomaji wa 1953 akauita njama. Koumandian Keita na wenzake wakatiwa gerezani, na wanafunzi waliowatetea wakapigwa. Tangu hapo kila mwaka ulikuwa na njama yake. Hatusemi maadui hawakuwapo: shambulio la Wareno kutoka baharini mnamo Novemba 1970 lilikuwa la kweli, na Baraza la Usalama lililaani. Lakini hesabu yake walilipishwa watu wa nyumbani. Januari 1971 Barry III alinyongwa hadharani, maiti yake ikaning'inia darajani Conakry. Diallo Telli, aliyeisemea Guinea katika Umoja wa Mataifa tangu mwanzo, kisha akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alikufa mwaka 1977 katika kambi ya Boiro kwa kunyimwa chakula na maji. Mamia ya maelfu ya wananchi walihamia Senegal, Ivory Coast na kwingineko. Wakati huo wote 28 Septemba iliadhimishwa, na katika hotuba za sherehe mtu aliyesema La alikuwa mmoja tu.

Wanawake ndio waliomjibu. Biashara ya watu binafsi ilikuwa imepigwa marufuku, na polisi wa uchumi waliwapekua na kuwanyang'anya bidhaa sokoni kila siku. Tarehe 27 Agosti 1977 wanawake wa soko la Conakry waliwashambulia polisi hao, wakaandamana hadi ikulu. Wengi wao walikuwa wa rika la waliopika mchele wa wagomaji. Mikoani nako wakainuka, na baadhi yao wakapigwa risasi. Lakini polisi wa uchumi wakavunjwa, na biashara ndogo ikaruhusiwa polepole. Kwa hao tu alirudi nyuma.

Sékou Touré alifariki tarehe 26 Machi 1984 katika hospitali ya Cleveland huko Marekani, alikopelekwa kutibiwa moyo. Tarehe 3 Aprili jeshi lilitwaa serikali, likakivunja chama kilichomhesabu kila mtu mzima kuwa mwanachama wake, likafungua milango ya Boiro. Mjini Conakry watu walitoka barabarani wakishangilia.