Thurgood Marshall: Wakili wa Serikali aliyeiambia mahakama ukweli

Mwaka 1966, Wakili Mkuu wa Serikali ya Marekani, Thurgood Marshall, aliipelekea Mahakama ya Juu taarifa ambayo haikuisaidia Serikali yake. Alieleza kwamba wapelelezi wa FBI walitega kwa siri chombo cha kunasa sauti kwenye chumba cha hoteli cha mfanyabiashara Fred Black, wakamsikia hata akizungumza na wakili wake. Black alikuwa ameshatiwa hatiani kwa kukwepa kodi. Mahakama ikaamuru kesi yake ianze upya.

Wakili Mkuu wa Serikali ni nani? Katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, anahesabiwa wa pili baada ya Mwanasheria Mkuu. Hapa Tanzania ofisi yake ilianzishwa mwaka 2018, na ndiyo inayoitetea Serikali katika kesi za madai na usuluhishi. Mkulima wa Geita au Kahama akiishtaki halmashauri kwa fidia ya shamba, mawakili wa Serikali ndio watakaokuwa upande wa pili.

Marshall alizaliwa Baltimore tarehe 2 Julai 1908, katika ukoo uliotokana na watumwa. Baba yake alikuwa mhudumu, mama yake mwalimu. Chuo cha sheria cha jimbo lake hakikupokea watu weusi, hivyo akasoma Chuo Kikuu cha Howard, Washington, na kumaliza mwaka 1933. Muda mfupi baadaye akakishtaki chuo kilekile kwa niaba ya kijana mweusi aliyekataliwa, naye akashinda.

Kwa zaidi ya miaka 20 alizunguka majimbo ya kusini akitetea watu weusi, mara nyingine maisha yake yakiwa hatarini. Mbele ya Mahakama ya Juu alishinda kesi 29 kati ya 32. Kubwa kuliko zote ni ile ya mwaka 1954, iliyopiga marufuku kutenganisha watoto shuleni kwa rangi.

Afrika Mashariki nayo ilimjua. Mwaka 1960 Tom Mboya alimwomba awasaidie viongozi Waafrika wa Kenya katika mazungumzo ya katiba mjini London. Marshall aliandika rasimu ya haki za raia. Ndani yake alisisitiza kuwa mali ya mtu isichukuliwe bila fidia ya haki, na mwenye mali aweze kwenda mahakamani. Ulinzi huo uliwahusu pia Wazungu na Wahindi, ambao wangekuwa wachache baada ya uhuru.

Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alimwomba awe Wakili Mkuu wa Serikali. Marshall alikuwa jaji wa rufaa, kazi ya maisha yenye mshahara mkubwa zaidi. Alikubali, akawa mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Alisimama mahakamani kupinga kodi ya dola 1.50 ambayo jimbo la Virginia liliitoza kabla ya mtu kupiga kura, na kodi hiyo ikafutwa.

Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu. Alistaafu mwaka 1991 na kufariki tarehe 24 Januari 1993.

Kwetu sisi, kuna jambo la kushika. Anayetaka kuishtaki Serikali au halmashauri hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90, kisha kumuunganisha Mwanasheria Mkuu kwenye kesi. Ukiruka hatua hizo, shauri linaweza kuondolewa kabla hata fidia yako haijazungumzwa, basi pata ushauri wa kisheria mapema. Na wakili atakayesimama upande wa pili analipwa kwa kodi yako pia. Kesi ya Black inaonyesha kwamba kazi yake si kushinda tu. Akijua jambo ambalo mahakama inastahili kulijua, anapaswa kulisema.