John Akii-Bua: mchunga ng'ombe aliyebadilishiwa mbio

Msimu wa UMITASHUMTA ukifika, kwenye uwanja wa shule hapa Bukundi macho yote hutazama nani kafika wa kwanza. Wa tatu na wa nne hurudi nyumbani kuchunga. Leo tunamweleza mtu ambaye kwa kipimo hicho angeachwa.

John Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa na wake kadhaa na watoto 43, na John alikua akichunga ng'ombe, kama vijana wengi wa Meatu. Baba alipofariki, shule ilikatika. Akaenda Kampala, akajiunga na polisi.

Huko polisi aliangukia mikononi mwa Jorem Ochana, afisa aliyekuwa mkimbiaji hodari wa kuruka viunzi. Ochana aliona kijana ana nguvu, lakini anaporuka anainuka juu mno. Anayepaa juu ya kiunzi anapoteza muda hewani, kwa maana kasi inatoka mguu ukiwa chini. Ochana akaweka ufito juu ya kiunzi, ili kijana apite katikati akiwa ameinama. Aliugonga hadi akabaki na kovu kwenye paji la uso. Ilikuwa dawa kali, na siishauri kwa mwalimu yeyote wa leo, lakini kosa lilirekebishika.

Mbio zake wakati huo zilikuwa meta 110 kuruka viunzi. Mwaka 1968 hakufuzu kwenda Olimpiki ya Mexico. Mwaka huohuo alifika kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, naye hakuishia kutazama matokeo. Alimhamishia meta 400.

Hapa msikilizaji tuelewane. Mbio hizo zina viunzi 10, kila kimoja sentimita 91 kwenda juu, na kati ya kimoja na kingine ni meta 35. Mkimbiaji huhesabu hatua. Akichoka hatua hufupika, hesabu inavurugika, anajikuta kiunzi kimefika na mguu usio wake. Wengi hapo husitasita. Akii-Bua aliweza kuruka kwa kutanguliza mguu wowote, kulia au kushoto, hivyo uchovu haukumvurugia hesabu kama wengine. Kipaji hicho hakionekani kwenye saa ya kocha. Lazima umtazame miguu.

Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970, Edinburgh, alikuwa wa nne. Arnold hakumkatia tamaa. Alimvalisha fulana yenye uzito wa kilo kama 11, akamrushia viunzi vilivyopandishwa, tena kwa mbio ndefu kuliko za mashindano.

Tarehe 2 Septemba 1972, fainali ya Olimpiki mjini Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa yenye kona kali. Kwenye fainali hiyo walikuwamo David Hemery wa Uingereza, mwenye rekodi ya dunia, na Ralph Mann wa Marekani. Akii-Bua alimaliza kwa sekunde 47.82, binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48, na kuipa Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Yaliyofuata hayakuwa rahisi. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwamo, zilisusia Olimpiki ya Montreal, na kwenye michezo hiyohiyo Edwin Moses wa Marekani akaivunja rekodi. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, Akii-Bua alikimbilia Kenya na familia yake, akaishi kambini kama mkimbizi kabla ya kupata kazi Ujerumani. Baadaye alirudi Uganda, akawa polisi tena na kocha.

Alifariki Kampala Juni 1997 akiwa na miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa. Dhahabu ya pili ya Uganda ilikuja mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London.